Mwenye kuchunguza uaminifu wa kampuni atie mkono ndani ya lundo

Ndugu Waislamu, leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona kuwa ni la vyuoni na si la msikitini, nalo ni namna ya kufanya utafiti juu ya maadili katika makampuni na mashirika ya biashara.

Jambo lenyewe limenijia kwa njia ya nyumbani. Mpwa wangu, anayesomea biashara chuoni, alirudi Shinyanga kukusanya taarifa za utafiti wake wa mwisho. Alitaka kujua kama maadili yanafuatwa katika kampuni moja inayotoa huduma kwa migodi ya ukanda huu. Alichapisha madodoso 60. Kila dodoso lilikuwa na sentensi kama vile kampuni yangu inathamini uaminifu, au wakubwa wangu hutenda haki, na mjibuji alitakiwa kuweka alama mbele ya "nakubaliana sana", "nakubaliana", "sina hakika" au "sikubaliani". Baada ya siku tatu akaja kwangu na bahasha kubwa, uso umemchangamka. Karibu wote walikuwa wamekubaliana sana.

Nikamuuliza ni nani aliyewagawia wafanyakazi zile karatasi.

"Mjomba, nilipata msaada mzuri," akanijibu. "Afisa utumishi mwenyewe ndiye aliyezigawa, na ndiye aliyezikusanya."

Bibi yake, ambaye ni mama yangu mzazi, alikuwa barazani akichambua mchele. Bila kuinua uso kutoka kwenye ungo akasema, "Basi mjukuu wangu, hao wote wamemjibu afisa. Wewe hawajakujibu bado."

Kijana alinyamaza. Mimi nami nikakumbuka Hadithi ambayo wengi wetu tunaijua tangu madrasa. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (RA) kwamba Mtume (SAW) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali ni kitu gani kile. Yule bwana akaeleza kuwa nafaka ilinyeshewa mvua. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisha ndipo akatamka hukumu yake mashuhuri, kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Hukumu hiyo ya mwisho tunaisikia mara nyingi katika hotuba za Ijumaa, na ni haki isikike. Lakini naomba leo tuyatazame yaliyoitangulia. Mtume (SAW) hakumwita mfanyabiashara kando na kumuuliza kama yeye ni mwaminifu. Alikwenda pale pale biashara inapofanyika. Hakutosheka na sura ya juu ya lundo, ambayo bila shaka ilikuwa kavu na ya kupendeza, bali alitia mkono. Na alipokuta dalili ya ubaya hakukimbilia kuhukumu. Aliuliza, akasikiliza jibu. Hata ule udhuru wa mvua hakuukanusha. Alichokilaumu ni kule kuficha. Mimi si mtaalamu wa takwimu, lakini sijaona somo la utafiti wa maadili ya biashara lililo fupi na timilifu kuliko hilo.

Wataalamu wa elimu hii nao wameliona tatizo la mpwa wangu zamani. Mwaka 1990 watafiti Randall na Gibson wa Marekani walipitia makala 94 za utafiti wa maadili ya biashara, wakakuta kuwa sehemu kubwa ilitegemea dodoso, na kwamba waandishi wengi hawakujishughulisha na hatari iliyo wazi kabisa: mtu akiulizwa habari ya wema wake, hujibu vile anavyopenda kuonekana. Hapa kwetu hatari hiyo huongezeka uzito. Mtu mmoja mwenye ajira mgodini, au katika kampuni ya ulinzi, ya chakula au ya usafirishaji inayohudumia mgodi, hulisha watoto wake, wazazi wake na wadogo zake walioko Maswa au Kahama. Anapoiona karatasi mkononi mwa afisa wa kampuni, anaona sahani za watu wote hao. Tusimwite mwongo kwa haraka. Aliyekosea ni yule aliyemuuliza mahali asipoweza kusema kweli.

Tuitazame pamba, maana kabla ya dhahabu sisi watu wa Shinyanga tulijulikana kwa pamba. Kila anayeishi huku anajua hila zilizoingia katika zao hili. Wapo wakulima wanaomwagia pamba maji, wakachanganya mchanga au chumvi, ili gunia lizidi uzito. Na wapo wanunuzi wanaochezea mizani ili gunia hilo hilo lipungue. Hivyo kila mmoja huingia sokoni akiwa amejiandaa kumdhulumu mwenzake, na wote wawili hujiona wamedhulumiwa. Sura ya Al-Mutaffifin inafunguliwa kwa onyo kali kwa watu wanaotimiza kipimo wanapopokea na kupunguza wanapotoa, na mimi kila ninapoisoma nauona mzani wa pamba umening'inia mtini.

Sasa mtafiti akienda na dodoso kwa mnunuzi na kumuuliza kama mizani yake ni sahihi, atapata nini? Atapata lundo kavu. Lakini akichukua jiwe la uzito unaojulikana, lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo, akalipima katika vituo mbalimbali mbele ya mwenye mizani, siku ya gulio na siku isiyo ya gulio, ameshatia mkono ndani. Akipima magunia nyumbani kwa mkulima kabla hayajapakiwa kwenye mkokoteni, kisha akasoma uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi ya mnunuzi, ametia mkono mara ya pili. Akipima na unyevu wa pamba ya mkulima huyo huyo, amefanya uadilifu, kwa sababu hakumchunguza tajiri peke yake akamwacha maskini kwa huruma.

Katika dhahabu, mfano mkubwa wa kutia mkono tuliuona mwaka 2017. Mwezi Machi serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa makinikia, yaani ule mchanga wenye madini uliokuwa ukitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi huku Kahama. Rais John Magufuli akaunda kamati chini ya Profesa Abdulkarim Mruma kuchunguza makontena 277 yaliyokuwa yamezuiliwa. Tarehe 24 Mei kamati ilitoa taarifa kwamba wastani wa dhahabu ulikuwa gramu 1,400 kwa tani, sawa na kilo 28 katika kila kontena la tani 20. Nyaraka zilizokuwapo zilionyesha kiasi cha gramu 200 tu kwa tani. Kampuni ya Acacia ilikataa matokeo hayo, ikasema ilikuwa imetangaza kila kitu chenye thamani, na ikaomba vipimo huru vifanywe upya.

Ndugu msomaji, sitaki kuamua hapa nani alikuwa mkweli. Mazungumzo yalimalizika kwa mapatano kati ya serikali na kampuni ya Barrick, yakatiwa saini Januari 2020. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 300, na ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Wanasiasa na wanasheria wamelijadili hilo vya kutosha. Ninalolitafuta mimi ni la chini zaidi. Kontena ni zile zile, mchanga ni ule ule, na bado tarakimu mbili zilipishana mara saba. Mtafiti yeyote anayetaka kusema lolote juu ya uaminifu wa kampuni hana budi kuuliza: sampuli ilichukuliwa na mkono wa nani? Ilitoka juu ya kontena au katikati? Ilifungwa kwa lakiri mbele ya pande zote? Ilikwenda maabara ngapi, na je, maabara ya pili iliambiwa jibu la ya kwanza? Sehemu ya sampuli ilihifadhiwa ili mwenye shaka apime tena? Mambo haya yanaonekana madogo, lakini bila hayo kila upande hubaki na ushahidi wake, na wananchi hubaki na mapenzi yao.

Na hapa Qur'an imetutangulia pande zote mbili. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, waumini wanaamrishwa kuhakikisha habari inayoletwa na fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Katika Al-Maida, aya ya 8, wanakatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Kampuni ya kigeni ni rahisi kuichukia, hasa unapokaa kijiji kisicho na maji safi ukitazama taa zake usiku. Chuki hiyo naielewa, ila haiwezi kuwa kipimo cha maabara.

Lakini wapo watu ambao hakuna maabara itakayowapima, na dodoso la wafanyakazi haliwafikii kamwe, nao ni wale walio nje ya geti. Mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulianzishwa na John Williamson mwaka 1940, na wengi wetu tuna ndugu waliofanya kazi pale. Novemba 2020 shirika la RAID la Uingereza lilichapisha taarifa yenye madai mazito juu ya walinzi wa mgodi na namna walivyowatendea watu walioingia eneo hilo kutafuta almasi. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa mmiliki mkuu wa mgodi wakati huo, ilitangaza mapatano ya pauni milioni 4.3 na walalamikaji 71, yakijumuisha fidia, gharama za kesi na miradi ya jamii. Haikukubali dhima ya kisheria, lakini ilikiri kwamba huko nyuma yalitokea matukio yaliyoleta vifo, majeraha na kutendewa vibaya kwa watu. Habari hizo hazikutokana na wafanyakazi kuweka alama kwenye karatasi. Zilitoka kwa wanavijiji waliosikilizwa mmoja baada ya mwingine, pamoja na makovu yao.

Kinyume chake tuliona Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo, na likazuka dai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Mwaka 2002 ofisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko ilitoa taarifa kwamba haikuona msingi wa dai hilo. Wanasheria wa LEAT, waliopeleka malalamiko, wakaipinga taarifa pamoja na namna uchunguzi ulivyofanywa, wakaendelea kudai uchunguzi huru. Miaka mingi imepita na wapo wazee wanaoamini hili na wapo wanaoamini lile. Uchunguzi ambao pande mbili hazikukubaliana mapema juu ya njia yake haukuweza kuwatuliza wafiwa, wala kuwasafisha walioshutumiwa.

Nilipoyaeleza haya baada ya sala ya Isha, mzee mmoja alinikatiza. Akasema, je, si kusengenya huko, mfanyakazi kumweleza mgeni aibu za mwajiri wake? Na je, si kupeleleza, ambako Al-Hujurat hiyo hiyo, aya ya 12, imekataza? Ni maswali ya haki, na ninawaheshimu wanaoyauliza kwa kumcha Mungu, si wale wanaoyauliza baada ya kuahidiwa kitu.

Kuhusu kusengenya, Imam An-Nawawi katika Riyadh as-Salihin ametaja hali sita ambamo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa. Ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo wa kumsaidia, na nyingine ni kuwatahadharisha Waislamu na shari. Mfanyakazi anayekatwa mshahara wa muda wa ziada ana mlango hapo. Kuhusu kupeleleza, Al-Mawardi alipoandika juu ya msimamizi wa soko alitofautisha uovu uliodhihiri na ule uliofichwa nyumbani mwa mtu. Mizani iliyotundikwa hadharani, hati ya mshahara ambayo mfanyakazi mwenyewe anaitoa mfukoni, maji yanayotiririka kutoka mgodini kwenda mashambani, hivyo vyote viko wazi. Lakini mtafiti anayejifanya kibarua ili arekodi mazungumzo ya watu chooni, au anayefungua barua zisizo zake, amevuka mpaka, hata kama chuo chake kitamsifu. Binafsi naona hata yule anayemwahidi mtu kumficha jina kisha akaandika "mpishi mwanamke wa zamu ya usiku", mahali penye mpishi mmoja, amehaini amana.

Ipo njia moja ya wataalamu iliyonifurahisha sana katika jambo hili. Mwaka 1965 Stanley Warner wa Marekani alibuni namna ya kumuuliza mtu swali la aibu bila muulizaji kujua jibu lake yeye binafsi. Baadaye wengine waliirahisisha. Mjibuji anarusha sarafu peke yake, mtafiti haoni. Tuseme ni shilingi 100: ukitokea uso wa Mwalimu Nyerere, anajibu "ndiyo" tu, hata kama hajawahi kutoa rushwa. Ukitokea upande wa pili, anajibu ukweli wake. Basi wakijibu watu 200, takriban 100 watasema "ndiyo" kwa sababu ya sarafu. Zikipatikana "ndiyo" 130, zile 30 zilizozidi zimetoka kwa wale 100 waliotakiwa kusema kweli, yaani watu watatu katika kila kumi. Mtafiti amejua hali ya kampuni, na hakuna mtu hata mmoja aliyemjua. Nilipomweleza shekhe mmoja alikunja uso kwanza, akidhani ni kamari. Lakini hapa hakuna dau, hakuna anayeshinda wala anayeliwa. Na kupiga kura si jambo geni, kwani amepokea Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (RA) kwamba Mtume (SAW) alikuwa akipiga kura baina ya wake zake anapotaka kusafiri.

Wala tusidhani kuwa kazi hii ni ya wageni tu. Mwaka 2008 BAKWATA, pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki, waliagiza na kuitoa taarifa juu ya namna nchi isivyonufaika na dhahabu yake, na mwaka 2012 kamati yao ya pamoja ikatoa nyingine juu ya kodi inayopotea. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na hesabu zao, lakini viongozi wa dini waliona kuwa kuhesabu ni sehemu ya kazi yao.

Lililobaki ni gumu zaidi, nami nalitaja kwa kusitasita. Mkono huo huo uingie na kwetu. Yapo maduka yenye "Bismillah" mlangoni ambayo wauzaji wake hawana mkataba wala siku ya mapumziko. Wapo wanunuzi wadogo wa dhahabu huko Geita na Kakola, ndugu zetu tunaosimama nao safu moja, ambao mzani wa dukani kwao mchimbaji hauamini. Tangu Machi 2019, soko la madini lilipofunguliwa Geita, la kwanza nchini, kuna kumbukumbu rasmi za uzito na bei ambazo mtafiti anaweza kuzilinganisha na madaftari ya madukani. Je, tutamfungulia daftari? Ali bin al-Madini, mwalimu wa Imam Bukhari, aliulizwa juu ya upokezi wa Hadithi wa baba yake mzazi. Akawaambia wamuulize mtu mwingine. Walipomshikilia aliinamisha kichwa, kisha akakiri kuwa hii ni dini, na kwamba baba yake ni dhaifu. Hiyo ndiyo elimu ya upokezi tunayojivunia mbele ya watu wa mataifa mengine, na haikujengwa kwa kuwaficha jamaa.

Mpwa wangu ameyaweka kando yale madodoso 60. Amemwandikia msimamizi wake kuomba muda zaidi, na amepewa, ingawa ada ya nyongeza itabidi tuichange. Sasa anakwenda kwa wafanyakazi majumbani baada ya Magharibi, anawauliza habari za juma lililopita badala ya kuwauliza kama kampuni ni njema, na wanaopenda wanamwonyesha hati zao za mshahara naye anahesabu saa. Akimaliza, ameahidi kuipelekea kampuni maswali yake kwa maandishi na kuchapisha majibu yao kama yatakavyokuja. Juzi alikuja na daftari jipya, akaniuliza ayaandike wapi majina ya waliokubali kuzungumza, ukurasa wa mbele au wa nyuma. Kabla sijajibu, bibi yake akasema yasiandikwe kabisa.